Mti mkubwa umeelemea nyumba: uangushwe, ushushwe kwa kamba au iitwe kreni?

Unguja na Pemba nyumba nyingi zimejengwa chini ya miti iliyozitangulia. Shamba la minazi limekatwa viwanja, mwembe wa babu umebaki uani, na mtaa mzima umeota kuuzunguka. Mti ukiwa mzima ni kivuli, ni matunda, ni mahali pa kutandika virago na kuzungumza. Ukianza kufa, au ukianza kuinamia paa la jirani, mwenye nyumba hana budi kuamua, na mara nyingi huamua kwa bei ya kwanza anayotajiwa.

Ningependa aanze na swali jingine: kipande cha mti kikishakatwa, nini kitakishika? Majibu yako matatu. Hakishikwi na kitu, kinaanguka. Kinashikwa na mti wenyewe, kwa kamba. Au kinashikwa na kreni. Tofauti za bei, za muda na za hatari zote zinatoka hapo, na anayeielewa hoja hii hatadanganywa na fundi yeyote.

Lakini kwanza ajiulize kama mti unastahili kukatwa. Mwembe uliosimama miaka themanini na una matawi mawili makavu hauhitaji kuondoka. Unahitaji kupunguzwa hayo mawili. Miti mikubwa inayovunja upepo ni ulinzi katika visiwa hivi. Kimbunga cha Aprili 1872 kililaza mikarafuu ya Unguja kwa maelfu, na kila kusi likivuma kwa nguvu mtu mwenye mti mzima upande wa bahari anaujua umuhimu wake. Na hata ukiamua kukata, kukata mti kunataka kibali. Sheria ya misitu ya Zanzibar ni Namba 10 ya mwaka 1996. Anza kwa sheha, naye atakuelekeza kwenye idara ya misitu. Ukiwa Mji Mkongwe, Mamlaka ya Uhifadhi nayo lazima ijue. Fanya hayo kabla ya kumtafuta mwenye msumeno wa moto.

Kuangusha mzima

Hii ni njia ya shamba, na shambani hakuna inayoishinda. Fundi anakata kabari upande anaotaka mti uangukie, anahamia nyuma, anakata kuelekea kwenye ile kabari na kuacha ukanda usiokatwa, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya unene wa shina. Ukanda huo ndio unaoongoza mti mpaka ulale pale palipokusudiwa. Saa moja, watu wawili, kazi imekwisha.

Masharti yake ni nafasi na shina zima. Kawaida ya kazi hii ni kwamba asiyehusika akae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mnazi wa mita 20 unataka mita 40 zisizo na mtu, na viwanja vya Mwanakwerekwe au Kwahani havina mita 40 za kitu chochote. Shina lililooza katikati nalo halina ule ukanda wa kuongozea. Linaweza kupasuka kwa urefu, au kukaa juu ya msumeno, au kugeuka na kwenda linakotaka.

Niseme neno juu ya mnazi uliouawa na mdudu chonga. Kilele kimeanguka, linabaki gogo refu jembamba, na watu hudhani ni jepesi. Shina la mita 20 lenye unene wa sentimita 30 ni karibu mita moja na nusu ya ujazo. Likiwa bado na maji ndani, hiyo ni zaidi ya tani moja inayokuja chini kwa mara moja. Jiko la uani la makuti haliwezi kulihimili, wala chumba cha matofali chenye bati.

Kushusha kwa kamba

Hapa mkwezi anapanda na kuukata mti kutoka juu, kipande baada ya kipande. Kapi linafungwa kwenye tawi imara litakalobaki hadi mwisho. Kamba inapita kwenye kapi, inashuka, inazungushwa mara mbili tatu kwenye shina karibu na ardhi ili msuguano ubebe uzito, na mtu wa chini anaiachia taratibu. Aliyewahi kushusha tanga la jahazi anaifahamu mikono ya kazi hii.

Ikifanywa na wanaoijua, inapendeza kuitazama. Tawi la mfenesi linakatwa, linaning'inia, linageuka nusu duara, halafu linateremka kati ya tangi la maji na ukingo wa bati bila kugusa kimoja. Chini watu wawili wanalipokea, wanafungua fundo, kamba inapanda tena. Hakuna anayepiga kelele. Ukiona kazi ya kamba yenye kelele nyingi, ujue mpango haukuwapo.

Kwa mitaa mingi ya mjini njia hii ndiyo inayowezekana. Haihitaji barabara pana wala ardhi ngumu. Inapita uchochoro, inapanda ukuta, inaingia uani kwa mlango wa kawaida. Kwa mti mzima ulio hai, katikati ya nyumba, mimi ningeichagua bila kusita.

Udhaifu wake uko sehemu moja, nao ni mkubwa. Mti wenyewe ndio nguzo. Unambeba mkwezi, unabeba kapi, unabeba kila kipande kinachokatwa. Matawi yakishaisha na likabaki shina, kapi linakuwa chini ya mkato, hivyo kipande kinaanguka kwanza ndipo kamba ikaze. Gogo la kilo 100 likianguka hata mita moja kabla ya kushikwa, linavuta kwa nguvu mara kadhaa ya uzito wake, na mvuto huo unaupiga mti uleule ambao mtu amejifunga juu yake. Shina zima linatikisika na kuvumilia. Shina lenye pango ndani linaweza kukatika chini ya miguu yake.

Ndiyo maana mkwezi mzuri haanzi kwa kupanda. Anauzunguka mti, anaugonga kwa mgongo wa shoka kuanzia kiunoni hadi anapofika mkono, anasikiliza. Anatazama kama kuna uyoga shinani, njia za mchwa, ufa kwenye pacha la matawi, na kama udongo umenyanyuka upande wa pili wa mwinamo, maana hapo mizizi inang'oka. Anatazama pia nyuki, kwa sababu miembe ya zamani yenye mashimo hupenda kuwa mizinga, na juu ya mti hakuna pa kukimbilia. Akimaliza akamwambia mwenye nyumba, "Bi mkubwa, huu mimi siupandi, moyo wake umeshaliwa," basi amwamini na amlipe hata kwa hilo neno. Si mwoga. Ameokoa roho yake na pengine nyumba ya mtu.

Na tusichanganye kazi mbili. Mkwezi wa minazi ni fundi wa heshima, lakini kupanda mnazi kwa kamba ya miguuni na kuangua nazi si sawa na kusimama kwenye tawi la mwembe na msumeno wa moto mkononi. Kumpa kazi hiyo kijana asiye na mkanda wa kujifungia wala kofia, kwa sababu tu anajua kukwea, ni kumdhulumu.

Kreni

Kreni inabadilisha jambo moja tu: uzito unaondoka kwenye mti. Mikanda ya kunyanyulia inafungwa kwenye kipande kabla hakijakatwa, kreni inavuta kiasi, mkato unapigwa, kipande kinapaa badala ya kuanguka, kinapelekwa juu ya nyumba hadi barabarani. Mti mfu usiofaa kuwa nguzo hauombwi tena kuwa nguzo. Kwa mwembe uliooza, uliokauka, au uliopigwa na radi karibu na nyumba, hiyo ndiyo tofauti kati ya kazi na bahati nasibu.

Faida ya pili ni muda. Mwembe ambao kwa kamba ungechukua siku kadhaa, kreni na watu wanaoelewana wanaweza kuumaliza kwa siku moja. Ya tatu watu huisahau: mbao. Mwembe ndio mti unaochongwa ngalawa, na shina refu lisilokatwakatwa lina thamani kwa mchongaji. Kazi ya kamba huacha kuni. Kreni inaweza kukuachia gogo.

Ila kreni haina huruma kwa anayekisia. Mti mbichi unakaribia uzito wa maji, yaani mita moja ya ujazo ni karibu tani. Gogo la unene wa mita moja na urefu wa mita mbili ni zaidi ya mita moja na nusu ya ujazo, basi tani moja na nusu. Lifanye refu la mita tano, unakaribia tani nne. Majani yaliyolowa mvua na maembe yaliyoshika yanaongeza, na jicho la mtu karibu kila mara hukisia kidogo kuliko ukweli.

Sasa upande wa kreni. Ikiitwa ya tani 25, hizo tani 25 ni pale mzigo ulipo karibu nayo kabisa, mita tatu au hivi kutoka kitovu cha mzunguko wake. Ikinyoosha mkono mita 20 kupita juu ya paa lako, huenda imebakiwa na uwezo wa tani moja na kitu, au mbili. Kila kreni ina jedwali lake linaloonyesha hayo, na jedwali ndilo linalosema, si maandishi ya ubavuni. Humo humo utoe uzito wa ndoana na mikanda. Mimi ningependa kila kipande kipangwe kisifike hata nusu ya kikomo, kwa sababu kipande kikishakatwa hakirudishwi. Dereva akigundua hapo kwamba kimezidi, hana la kufanya isipokuwa kukitazama kikiivuta gari.

Utaratibu wenyewe ndio unaotofautisha kazi salama na ya hatari, kwa hiyo niueleze. Ncha ya mkono wa kreni ikae wima juu ya kipande, la sivyo kikikatika kitabembea na kumfuata mkwezi. Mikanda ifungwe juu ya kitovu cha uzito ili kipande kisimame, na tawi lililolala lifungwe sehemu mbili au tatu ili lisipinduke. Kreni ivute karibu na uzito uliokadiriwa na isizidi: ikivuta mno, tawi litaruka juu likikatika. Mkwezi akishafunga anahama, anakaa upande ambao kipande hakitapita, amejifunga kwenye sehemu ya mti inayobaki. Mti ukiwa hauaminiki hata kwa hilo, asiwe juu yake. Afanye kazi kutoka kwenye gari lenye kikapu. Vipande vya kwanza viwe vidogo, ili kipimo cha uzito cha kreni kiwafundishe wote mti huu una uzito gani hasa. Na awepo mtu mmoja tu wa ishara, kwa redio pale ambapo dereva haoni. Wanafamilia, majirani na vijana wa maskani wanaopiga kelele "Lete! Lete! Shusha!" waondolewe mapema.

Marekani, kanuni za kazi za miti ziitwazo ANSI Z133 zinaruhusu mkwezi kupandishwa na kreni kwa masharti maalumu. Mtu akikwambia "kule wanafanya" huku ananing'iniza kijana kwenye ndoana bila hayo masharti, mzuie.

Umeme ni habari ya peke yake. Nyaya za ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, zinazopita mitaani zina laini za kilovolti 11 na 33, na mkono wa kreni ni chuma. Kanuni ya Marekani kwa laini zisizozidi kilovolti 50 ni kukaa mbali angalau mita tatu, na umeme wa nyaya hizo unaweza kuruka hata kabla mkono haujazigusa. Usikadirie kwa macho. Andika kwa ZECO wakate umeme kwa saa za kazi, na kazi isianze mpaka wao wenyewe waseme umekatwa.

Ardhi iliyo chini

Hapa ndipo visiwa vyetu vinapotaka uangalifu wa namna yake. Kreni inasimama kwa miguu yake minne ya pembeni, na mkono ukigeukia upande mmoja, sehemu kubwa ya uzito wote inaangukia mguu wa upande huo. Swali ni huo mguu umesimama juu ya nini.

Mjini, mara nyingi ni juu ya karo. Mashimo ya vyoo yamechimbwa uani, mbele ya nyumba, hata pembeni mwa njia, na mengine yamefunikwa zamani hadi wenyewe wamesahau. Kabla kreni haijafika, mwenye nyumba azunguke na wazee wa mtaa waonyeshe karo, kisima cha zamani, bomba la maji, na makaburi ya familia kama yapo. Hilo si la kumwachia dereva. Yeye hawezi kujua.

Upande wa mashariki na kusini wa Unguja, Paje, Jambiani, Makunduchi, ardhi ni mawe ya matumbawe. Inaonekana ngumu kuliko lami. Lakini jiwe hilo lina mapango chini yake, kama pango la Kuza kule Jambiani linavyoonyesha, na tabaka la juu pengine ni jembamba. Mguu uwekewe mbao nene pana au sahani za chuma za kusambaza uzito, na usiwekwe karibu na mdomo wa shimo lolote.

Pemba shida ni nyingine: vilima. Majedwali ya kreni kwa kawaida yanahesabu kwamba gari limelala sawasawa, tofauti isizidi asilimia moja hivi. Ukingo wa kilima cha udongo mwekundu nje ya Wete au Mkoani, baada ya mvua za masika, haukupi usawa huo mpaka uchimbe na kutandika. Kreni kubwa nayo ikilazimu kuvushwa kwa meli, gharama inapanda kabla tawi moja halijaguswa. Kwa Pemba ningetafuta kwanza watu wazuri wa kamba, na kreni niiweke kwa miti ambayo kwa kweli haipandiki.

Majira yachaguliwe pia. Masika udongo unalowa, kusi linavuma, na majani ya mwembe yanashika upepo kama tanga. Siku yoyote ya pwani, upepo wa bahari huongezeka mchana. Saa moja asubuhi watu wawe wameshafunga mkanda wa kwanza.

Bei

Bei ya kuangusha ni ya watu wawili na petroli. Ya kamba ni ya siku za watu wanne au watano. Ya kreni ni ya mashine kwa saa au kwa siku, dereva wake, safari ya kwenda na kurudi, na bado utawalipa mkwezi na mkataji, maana kreni haikati. Kwa hiyo kwa mti mmoja mdogo kreni ni ghali bila sababu. Kwa miti mitatu ya jirani watatu walioafikiana kuikodi siku moja, hesabu inabadilika kabisa. Na ulinganishe na kitu halisi: paa, ukuta, tangi, gari la jirani, na kwanza mtu aliye juu.

Mimi ningechagua hivi

Mnazi shambani Donge, hakuna nyumba: angusha, lipa, maliza. Mfenesi hai uani Kikwajuni: kamba, na mkwezi mwenye vifaa vyake. Mwembe mfu Fuoni, kando ya barabara, umeinamia nyumba mbili: kreni, hata kama itabidi kusubiri mwezi mmoja mpaka fedha ipatikane, na wakati wa kusubiri chumba kilicho chini yake kisilaliwe.

Mti ulioangukia nyumba tayari ni kreni, na hapa sina mbadala. Shina lililolalia ukuta limepinda na limebana nguvu ndani yake. Ukilikata bila kulishika linaweza kufyatuka, au ukuta uliokuwa umelibeba ukafuata. Hakuna anayepaswa kulipanda. Lishikwe kwanza kutoka juu, ndipo msumeno uwashwe.

Mti wa mkungu uliooza ndani ya ua Mji Mkongwe ndio mgumu kuliko yote. Kreni haipiti vichochoro, na kufunga kapi kwenye ukuta wa mawe na chokaa wa miaka mia na zaidi ni kuomba balaa. Hapo ijengwe jukwaa la mabomba kuuzunguka mti, ukatwe vipande vidogo vya kubebwa kwa mkono. Ni polepole, na inachosha, lakini inamtoa mtu kwenye mti mbovu.

Mbuyu uache. Ukilazimika, ujue mwili wake ni laini na umejaa maji, mkanda unaweza kuuchana pale unapoushika, kwa hiyo vipande viwe vidogo na mikanda iwe mipana.

Ukifika hatua ya kukodi kreni, mwite mwenye nayo aje auone mti kabla ya kutaja bei, na umuulize jambo moja mbele ya watu wako: mkono ukifika pale juu ya tawi la mwisho, inabeba kilo ngapi? Akifungua jedwali, akapima umbali kwa futi ya kamba kutoka gari litakaposimama hadi shinani, mnaweza kuzungumza. Akikujibu "Hii ni ya tani 25, bwana, usiwe na wasiwasi," mshukuru kwa kuja na utafute mwingine.